Ufunguo wa Ramani ya Kimyani

Murara, Goma
Jumapili, baada ya misa ya pili

Konsolata, mtoto wa mama yangu,

Kabla barua hii haijavuka kizingiti chako, naomba amani itangulie ikae nawe jikoni, maana sijui kama itabaki ukimaliza kusoma. Mgongo wako unaendeleaje, ule uliokusumbua wakati wa kupalilia maharagwe? Yule ng'ombe mwekundu amezaa? Na paa la jikoni, je, wamelitengeneza? Binti yako Furaha aliniambia linavuja upande ule unapoweka vibuyu vya maziwa.

Mimi bado napumua, ingawa si kwa raha. Miguu imevimba hata viatu vya misa havinitoshi, nakwenda kanisani na kandambili kama mtu anayekwenda kuteka maji. Daktari alizungumza na binti yangu Imakulata mlangoni, kwa Kifaransa, kwa sauti ya chini, kana kwamba sikufundisha kwa Kifaransa maisha yangu yote. Nilisikia kila neno. Walipoondoka nikaomba biki na kaye ya kuandikia.

Mji unaendelea kama mgonjwa anayejibu kwamba hajambo. Ndege hazitui tena. Wanaume wa chukudu, zile baiskeli za mbao, bado wanashuka na viazi na makaa, wakivuta breki kwa kisigino juu ya mawe meusi. Sokoni Birere bado wanauza kila kitu na bado wanapiga kelele, ila siku hizi mtu hutazama nyuma yake kwanza ndipo ajibu swali. Imakulata anateka maji bido mbili kila asubuhi, halafu anakwenda sokoni, halafu anarudi kunikanda miguu. Juzi alinipikia sambaza, vile visamaki vya ziwani, na sombe. Nilikula vijiko vitatu ili asilie.

Barua hii inaletwa na Mama Zawadi, yule anayeshuka kila wiki na fromaji za maziwa za huko kwenu. Ataifunga katika majani ya migomba pamoja na vitambaa vyake, maana njiani wanafungua kila kitu. Anasema barieri za wenye bunduki zimekuwa nyingi hata dereva wa pikipiki hahesabu tena. Nakuomba usimpe katekista akusomee. Isome peke yako kwanza. Nilikufundisha kusoma kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni ya mama, ukiwa bado hujaota meno ya mbele mara ya pili. Leo ndipo kusoma kule kunahitajika.

Kutoka hapa mpaka kilima chetu si mbali. Mwalimu wa jiografia hawezi kudanganya kuhusu kilomita. Nilipokuwa na miguu ningeweza kufika siku ya pili jioni. Lakini tangu nilipohamia huku sikupanda hata mara moja, wala katika matanga ya kaka yetu. Kila ulipouliza nilikujibu: kazi, barabara, vita, goti. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililokuwa sababu.

Sababu ilikuja kunisalimia nyumbani wiki mbili zilizopita.

Aline, binti wa Furaha, alikuja kunitazama baada ya masomo yake ya kushona. Alikuja na kijana mrefu, fundi wa kutengeneza chukudu. Kijana aliomba maji, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, ndipo akanisalimia. Alikuwa ameniletea fimbo ya mkalitusi aliyoiranda mwenyewe, laini kama mfupa.

"Babu, huyu ni Bahati," Aline alisema. "Anaogopa nyanya Konsolata kuliko Nyiragongo."

"Nyiragongo inatoa dalili kwanza kabla ya kulipuka," kijana akajibu.

Nilicheka, Konsolata. Kifua kiliniuma lakini nilicheka. Kisha nikamwuliza kama wazee wanavyouliza: wewe ni wa nani?

"Mimi ni wa Semivumbi, muzee. Baba wa baba yangu."

Nilishika ile fimbo kwa mikono miwili. Aline alinieleza yote. Kwamba wazee wa ukoo wa kijana wanataka kupanda kwako maharagwe yakishavunwa, waombe mchumba. Kwamba hujangoja hata pombe yao ifike, umetuma jibu: damu ya Semivumbi haitakanyaga ua wako. Kwamba Furaha amelia, lakini yuko upande wako, kwa kuwa aliyekufa alikuwa baba yake. Na kwamba mjane wa Semivumbi, ambaye sasa ni kikongwe huko Rutshuru, amesema atakuja mwenyewe, hata kama ni kubebwa mgongoni, aombe kwa kinywa chake.

Bahati alikuwa akitazama sakafu. "Muzee, kwetu hawatuambie kitu," alisema. "Nyanya anasema tu babu alikufa akingoja moto. Moto gani, hatujue. Wewe ulikuwa mwalimu wa kule. Unajua?"

Nikamjibu kwamba nimechoka, warudi siku nyingine. Mwili wangu wote umezeeka isipokuwa ulimi wa uongo.

Sasa nianze.

Unakumbuka kalasi yangu kule chini ya kilima, yenye kuta za mbao na mabati yaliyotoboka. Nilikuwa na watoto wa kila nyumba na kila lugha. Kufundisha jiografia ya kwetu kulikuwa kama kupita na mwenge ghalani. Nikitaja jina la mlima, mmoja alisimama kusema babu yake aliuita vingine, na mwingine akasema babu yake ndiye aliyeukuta mtupu. Siku moja benchi lilivunjika, na kesho yake baba wawili wakafika na fimbo. Direktere akaniambia nifundishe nchi za mbali. Nilijaribu. Lakini mtoto hawezi kupenda mto ambao hajawahi kulowesha miguu ndani yake.

Ndipo Jumatatu moja nikachora kwenye tablo umbo kama ngozi ya ng'ombe iliyowambwa juani. Nikasema: nchi hii inaitwa Kimyani. Hakuna babu wa mtu yeyote aliyezaliwa hapa. Inatawaliwa vibaya sana, na sisi tutaipa milima, mito, mvua, watu na mazao, ili tuone ardhi inawafanya nini watu, na wakubwa wanaifanya nini ardhi.

Sijapata kuwa na kalasi kama ile, kabla wala baada. Walifika mapema, hata wale waliokuwa wakitoroka kwenda kuchunga. Kila kikundi kilipewa jimbo lake na karatasi kubwa, na tulibandika karatasi hizo ukutani kwa miiba. Magharibi palikuwa na Jimbo la Mihuri, tambarare kabisa, kwa sababu serikali iliondoa vilima ili ione kila mtu. Watu wa huko huzaliwa katika mstari wa kungoja karatasi, na mtu akifa mtoto wake hurithi nafasi yake mstarini. Kaskazini palikuwa na Jimbo la Kamba, ambako barabara ina kamba kila baada ya hatua mia. Zao kuu ni kamba, na chakula kikuu ni maneno ya kujieleza. Hapo kalasi yote ilicheka, maana hata wadogo walikuwa wamekwisha kuikuta kamba hiyo njiani kwenda sokoni. Mashariki palikuwa na Ziwa Lililofungwa, ambalo lina kufuli, na mvuvi anaruhusiwa kulitazama Jumamosi. Kusini palikuwa na Bonde la Majina, ambako majina ya watu hukusanywa kila mwaka na kugawanywa upya, hata mama anamwita mwanawe kwa kubahatisha.

Nilipouliza mji mkuu uwekwe wapi, walishindana sana. Mwishoni mtoto mmoja mkimya alisimama akauweka nje ya mpaka, katikati ya mbao za ukuta. "Mji mukubwa iko nje ya inchi, Mwalimu," alisema. "Ndiyo maana haitusikie." Nikauacha hapo hapo ukutani.

Jimbo la tano lilikuwa la Furaha. Aliliita Bila Moshi. Ni nchi ya milima ya mianzi ambako watu hawaruhusiwi kuwasha moto, wala wenyewe hawataki, kwa sababu moshi huwaambia wenye bunduki kwamba hapa pana watu. Wanakula viazi vibichi. Wanawanong'oneza ng'ombe wao, na ng'ombe wamejifunza kutolia. Niliposoma sentensi hiyo nilitoka nje kidogo, nikajifanya natazama mvua.

Ramani yake ilikuwa nzuri kuliko zote. Mito ilikuwa inashuka kama mito inavyoshuka kweli. Lakini ilikuwa na alama ndogo ndogo zisizoelezwa: pembetatu, nukta, duara jeusi. Na kaskazini yake ilikuwa imeelekea upande wa dirisha. Nikaipa alama kumi na mbili juu ya ishirini, nikamrudishia. Nilimwambia mbele ya wenzake kwamba ramani bila ufunguo ni pambo. Anayeishika lazima aweze kuisoma bila kukuuliza. Weka kaskazini mahali pake, weka skeli, na kila alama uieleze pembeni.

Alilia kidogo, kwa hasira, unavyomjua. Siku mbili baadaye akaileta. Pembetatu: mahali wanapolala ng'ombe. Nukta: njia ya mianzi isiyoacha nyayo. Duara jeusi: anapokaa mlinzi. Mstari wa buluu uliokatika: maji yanayozama chini ya mwamba na kutokea tena. Nikampa ishirini juu ya ishirini, mara ya pekee katika maisha yangu.

Mtoto habuni mlima, Konsolata. Huchukua ule alioupanda. Ile ilikuwa njia yenu. Ile ilikuwa mianzi ya juu ya nyumba yenu, ambako kilima kizima kilificha ng'ombe wake tangu vita vilipokaribia. Furaha alikuwa akimpelekea baba yake uji kila asubuhi, na alichora alipopita. Nami niliijua njia hiyo tangu nikiwa mvulana. Nilikuwa nimesimama mbele ya ramani ya nyumbani kwetu, na nilichoona ni skeli tu, kwamba imewekwa sawasawa.

Wiki ile wenye bunduki wa wakati ule walipiga hema karibu na soko. Mkubwa wao alikuja shuleni. Aliwaacha walinzi nje, akavua kofia mlangoni. Alikuwa mtu wa sauti ya chini. Alisema naye alianza masomo ya jiografia kabla vita havijamchukua, na kwamba amesikia watu sokoni wakicheka habari za nchi ya mwalimu. Alitaka kuiona.

Nilimtembeza ukutani saa nzima. Ilikuwa miaka sijazungumza na mtu aliyejua maana ya mwinuko na mkondo. Alicheka mbele ya Jimbo la Kamba kuliko watoto. Mbele ya Bila Moshi hakucheka. Alisogea, akasoma ule ufunguo taratibu, akiuvuta kwa kidole kutoka pembeni mpaka kwenye mlima, na kurudi.

"Huyu anajua kutazama," alisema. "Ni nani?"

Nikamwambia: "Ni mtoto wa dada yangu." Kwa fahari, Konsolata. Kwa fahari.

Aliomba kuiazima awaonyeshe wenzake. Aliniita confrère, mwenzake wa kazi. Je, nilijua? Nimejiuliza hili kila siku, na kwa kuwa sasa sina muda wa kujipamba nitakujibu: nilijua nusu. Nilikuwa kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba hakufunga mlango. Lakini alikuwa ameniita confrère. Niliing'oa miiba mwenyewe, nikaikunja karatasi, nikaifunga kwa jani la mgomba ili isichafuke.

Siku ya nne, alfajiri, walipanda. Hawakufuata barabara. Walipita kwenye mianzi, mmoja mmoja, wakavuka pale maji yanapozama, wakatokea nyuma ya mlinzi. Mlinzi siku hiyo alikuwa Gakuru, mume wako. Yaliyobaki unayajua kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiwe uliyemwosha.

Nilifika kwako asubuhi hiyo nikakushika mkono. Kabla ya kufika nilipitia shuleni. Niliona matundu manne ya miiba kwenye ubao, na nafasi tupu katikati ya majimbo. Nilijua wakati huo, yote, si nusu tena.

Kilima kikasema: njia ile hakuna mgeni anayeijua, basi ni mtu wetu aliyewaambia. Na ng'ombe wote waliporwa isipokuwa wa Semivumbi, kwa sababu siku mbili kabla aliwashusha, mmoja akiwa anazaa kwa shida. Alieleza. Alionyesha na ndama. Lakini watu waliokuwa wamepoteza kila kitu wangeamini vipi habari za ndama?

Tuliketi kwenye majani mbele ya nyumba ya chifu. Mimi niliitwa kuandika, kama siku zote, kwa sababu nilikuwa na mwandiko mzuri. Wewe ulisimama na kilemba cha msiba, ukasema neno la kwanza: akatiwe moto, atengwe. Hakuna aliyekulaumu. Ulikuwa na haki ya kutaka mtu wa kulaumu, na mimi nilikuwa nimekunyima mtu wa kweli.

Semivumbi hakubishana nawe. Alinigeukia mimi.

"Mwalimu, wewe umesoma," alisema. "Uwaambie: mutu anaweza kujua njia bila kuambiwa na mutu?"

Kilima kizima kilinitazama. Jibu lilikuwa ndiyo. Anaweza. Anaweza kuisoma kwenye karatasi, kama mwalimu amemfundisha mtoto kuichora vizuri. Neno lilifika kwenye meno. Nikatazama kaye yangu nikasema: "Mimi niko naandika tu."

Na nikaandika. Kwamba hakuna nyumba itakayompa Semivumbi kaa la moto. Kwamba hakuna atakayepokea maziwa yake wala kumpa. Kwamba salamu yake haitajibiwa. Niliandika vizuri, nikapiga mstari chini kwa rula.

Walikaa siku tisa bila moto, yeye, mke wake na mtoto wao mdogo, wakati wa mvua. Majirani walikuwa wakitazama nyumba ile isiyofuka. Furaha alikuwa ameibuni nchi hiyo, nami nikaijenga. Siku ya kumi walishuka kuelekea Rutshuru. Walipita mbele ya shule. Semivumbi alinisalimia kwa mkono, na mimi, kwa kutii yale niliyoyaandika, sikujibu.

Shule ilipofunguliwa tena baada ya matanga, Furaha aliingia na nywele zake zimenyolewa, akatazama ukuta. "Mwalimu, karte yangu iko wapi?"

Nikamwambia mvua iliingia, ikaloa, niliitupa.

Aliitika kwa kichwa. Alikuwa na miaka kumi na miwili na hakuwa amebaki na baba. Karatasi ilikuwa jambo dogo. Muhula uliofuata niliomba kuhamishwa nikaja Goma. Sikumruhusu mwanafunzi yeyote kuchora tena. Niliwaamrisha wanakili. Miaka yote hiyo watu wa Murara wamekuwa wakinivulia kofia njiani, "Mwalimu, Mwalimu," na kila kofia ilikuwa inanikumbusha ile iliyovuliwa mlangoni.

Nilijiambia nanyamaza kwa ajili ya Furaha. Msichana asije akajua kwamba mchoro wake ulimwongoza muuaji wa baba yake. Ulikuwa uongo wenye uso mzuri, na nimelala nao kama mke. Kama ningekuwa namlinda Furaha, ningesema: ni mimi niliyewapa njia, nikanyamazia ramani. Ningeweza kusema hivyo siku ile ile, na Semivumbi angebaki na moto wake. Sikusema kwa sababu nilikuwa Mwalimu, na nilitaka kuendelea kuwa Mwalimu.

Jana niliwaita tena, Aline na Bahati. Nikawaambia kama nilivyokuambia. Imakulata alikuwa mlangoni na bido mikononi, akazishikilia mpaka nilipomaliza. Sijui aliwezaje. Aline alilia kwa ajili ya mama yake. Bahati aliketi, mikono juu ya magoti. Mikono yake ni mikubwa, na nilikuwa naitazama. Nilifikiri atanipiga, na nilifikiri ingekuwa vizuri.

Mwishoni alisimama. "Siko mimi wa kukusamehe, muzee," alisema. "Nyanya yangu ingali hai. Na nyanya wa Aline ingali hai. Andikia mwenye moto." Akatoka. Fimbo aliyonitengenezea iko hapo ukutani, na sijathubutu kuiegemea tangu jana. Aline alimfuata mpaka barabarani, kisha akarudi mlangoni, akasema bila kuingia: "Andika kesho, Babu. Si keshokutwa." Basi nimeandika leo.

Nakuomba mambo mawili, na msamaha si mojawapo. Huo nitauomba mahali pengine, hivi karibuni.

La kwanza ni Furaha. Mwambie wewe, si mtu mwingine, na usimwambie kwa barua. Mwambie mkiwa mnakamua, mikono ikiwa na kazi. Anza na hili: aliweka alama bila maelezo, na alikuwa sahihi. Mwenye kosa ni aliyempa alama kumi na mbili. Ramani yake ilikuwa siri mpaka mjomba wake alipomlazimisha kuifungua kwa kila mtu, na ni mjomba wake aliyeikabidhi kwa mkono wake. Kama ataniapiza, mwache. Kama atauliza iliko, mwambie haikuloa.

La pili unalijua kabla sijalisema. Moto uliokatwa mbele ya watu hurudishwa mbele ya watu, na hubebwa na mkono wa nyumba iliyofiwa. Katika kilima kizima hakuna mkono mwingine unaoweza. Yule mama atakapofika na watu wake kuomba, na kusimama nje ya ua kama alivyozoea kusimama nje ya nyua za watu, usitume mtoto. Toka wewe, na mgongo wako huo, na kaa la moto juu ya kigae. Wasomee watu barua hii kwanza, yote, na jina langu. Kisha mpe. Mengine, ya Aline na Bahati, yatajipanga yenyewe, au hayatajipanga. Lakini wasikataliwe kwa ajili ya damu ambayo haikumwagwa na Semivumbi.

Ningependa kuja kusema haya nimesimama pale pale kwenye majani. Nilimwuliza Imakulata kama pikipiki inaweza kunibeba. Alinifunika miguu.

Nisalimie Furaha, hata kama hatapokea. Nisalimie shemeji zako wanaolima bonde, na mke wa marehemu kaka yetu, niliyemnyima uso wangu siku ya matanga. Nisalimie katekista mzee tuliyebatizwa naye siku moja, mwambie aniandalie misa fupi, asinisifu. Nisalimie watoto wa watoto wako wote, na yule aliyepewa jina langu mumtafutie jina jingine la kuongeza.

Ndani ya bahasha utakuta karatasi nyingine, iliyokunjwa mara nne. Ni ule ukurasa wa kaye nilioandika siku ile, wenye mstari wa rula chini. Chifu aliniachia nikautunza. Umekaa kwenye sanduku la nguo miaka yote hii, nami nikiufungua nikiwa peke yangu na kuufunga tena. Usiuchane wala usiutupe. Uweke mpaka siku hiyo, na asubuhi utakapokoka moto wa kumpelekea mjane wa Semivumbi, uweke chini ya vijiti vya kwanza.

Ni mkavu sana. Utashika mara moja.

Kaka yako, mwana wa mama yako,
Bonifasi